Ahadi ya Bwana Scott na Wale Wanaofumba Macho

Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana watatu wa parokia yetu walikuja kutuita tuwe waamuzi wa ugomvi wao. Hawakugombana kwa mpira wala kwa pesa. Waligombana kwa mchezo wa televizioni waliokuwa wameutazama pamoja katika simu ya mmoja wao. Wa kwanza alisema kwamba hajapata kucheka hivyo tangu azaliwe. Wa pili alisema kwamba alishindwa kuendelea, akatoka nje mpaka mchezo ulipokwisha. Wa tatu alisema kwamba yule bwana anayelaumiwa na wote amefanya mema kuliko wanaomlaumu. Na wote watatu walikuwa wametazama kitu kimoja, dakika zile zile.

Tulidhani ni maneno ya vijana tu, tena maneno ya jioni moja. Kumbe ugomvi huo huo umewashika watazamaji wa Marekani tangu mwaka 2009, na hata leo haujaisha! Ndipo tukaona yafaa kuutazama mchezo huo sisi wenyewe, tangu mwanzo hata mwisho, na kuandika hapa tuliyoyaona. Maana mchezo unaowagawanya watu hivi hauwezi kuwa mtupu.

MCHEZO WENYEWE

The Office ni mchezo wa kuchekesha juu ya watu wa kazi moja. Asili yake ni Uingereza, ambako Ricky Gervais na Stephen Merchant waliuanzisha mwaka 2001. Mmarekani Greg Daniels aliuchukua akaupandikiza kwao, na televizioni ya NBC ikauonyesha tangu Machi 2005 hata Mei 2013. Ni habari za biro ndogo ya kampuni ya kuuza karatasi iitwayo Dunder Mifflin. Kampuni hiyo ni ya kubuni, lakini mji wake ni wa kweli: ni Scranton, katika jimbo la Pennsylvania, mji ambao zamani ulitajirika kwa makaa ya mawe, kisha makaa yakakoma kuwa utajiri.

Katika biro hiyo mna makarani, wauzaji na watunza hesabu, na juu yao mkubwa wao, Bwana Michael Scott, anayechezwa na Steve Carell. Bwana Scott si mtu katili. Ni mtu anayetaka kupendwa. Anataka kupendwa na wafanyakazi wake, na wateja, na hata wageni asiowajua. Na kwa sababu ya njaa hiyo husema maneno asiyoweza kuyatimiza.

Mchezo umetengenezwa kana kwamba wapiga picha wa kweli wameingia katika biro ili waonyeshe maisha ya kila siku. Mara kwa mara mfanyakazi huketi peke yake akasema na kamera, akaeleza yaliyo moyoni mwake. Tena kuna jambo jingine, nalo ni kubwa: hakuna kicheko kilichobandikwa. Katika michezo mingi ya namna hii, watengenezaji hutia sauti za watu wanaocheka, ili mtazamaji ajue mahali pa kucheka. Hapa hakuna. Mtazamaji ameachwa peke yake na roho yake. Akicheka, amecheka mwenyewe. Akiona haya, ameona haya mwenyewe. Ndiyo maana twasema kwamba majibu ya watazamaji wa mchezo huu yana thamani. Hakuna aliyewaongoza.

USIKU WA TAREHE 3 DESEMBA 2009

Sehemu iliyoleta ugomvi ilionyeshwa mara ya kwanza siku ya Alhamisi, tarehe 3 Desemba 2009. Jina lake ni Scott's Tots, yaani wale watoto wadogo wa Bwana Scott. Waliiandika Gene Stupnitsky na Lee Eisenberg, na aliyeiongoza ni B. J. Novak, ambaye ndani ya mchezo anacheza kijana Ryan. Miezi miwili kabla yake, tarehe 8 Oktoba, wapenzi wa mchezo walikuwa wameonyeshwa harusi ya Jim na Pam, harusi waliyoingoja kwa miaka. Walikuwa bado na utamu wa harusi mdomoni. Basi wakaletewa hii.

Habari ni hivi. Miaka kumi nyuma, Bwana Scott alifika katika darasa la tatu la shule moja ya watoto wa maskini, wengi wao watoto weusi. Akawapenda. Akawaahidi kwamba kila atakayemaliza shule ya sekondari, yeye atamlipia chuo kikuu. Wakati ule alidhani kwamba akifika miaka thelathini atakuwa milionea. Alipofika thelathini hakuwa. Akajiambia, labda arobaini. Alipofika arobaini alikuwa na fedha pungufu kuliko alipokuwa na thelathini. Na miaka hiyo yote ikapita, watoto wakikua na ahadi yake mioyoni, wala hawakuambiwa ukweli.

Sasa watoto wamekuwa vijana, wako katika mwaka wa mwisho, na Bwana Scott ameitwa shuleni. Katika biro, mzee Stanley anauliza kama kweli miaka kumi imekwisha pita. Kisha anaanza kucheka, anacheka, anacheka mpaka pumzi inamwishia. Pam hacheki. Anamwambia mkubwa wake wazi kwamba ametenda jambo baya sana. Bwana Scott hana budi kwenda kusema ukweli, na anayemsindikiza ni Erin, binti wa mapokezi.

Shuleni anapokewa kama mfalme. Wanamwonyesha chumba cha kusomea kilichopewa jina lake. Wanafunzi wanamwimbia na kumchezea wimbo walioutunga kwa ajili yake. Wanasimama kumshukuru, wanaeleza jinsi ahadi yake ilivyowashika mkono siku walipotaka kuanguka. Mtazamaji ajua, Bwana Scott ajua, wao peke yao hawajui. Na waandishi hawana haraka. Wanatuacha tuusikilize wimbo mpaka mwisho.

Kisha Bwana Scott anasimama kusema, na hapa waandishi wamefanya kazi ya akili sana. Katika Kiingereza, neno la malipo ya masomo na neno la ule ujuzi wa moyo unaohisi jambo kabla halijaja hufanana sana kwa sauti. Bwana Scott anacheza na maneno hayo mawili. Malipo ya masomo yana thamani, asema, lakini kuna kitu chenye thamani zaidi, nacho ni kuhisi kwa moyo jambo linalokuja. Halafu anawauliza vijana: je, yuko mmoja wenu anayehisi nitakalosema sasa? Darasa linanyamaza. Hakuna anayemwokoa. Ndipo anapotamka mwenyewe kwamba hawezi kuwalipia.

Yeyote aliyelea watoto amjua mtu huyu. Ni yule mtoto anayesimama mbele ya mama yake, kipande cha chungu kimefichwa nyuma ya mgongo, akimwomba mama akisie kilichotokea. Anataka neno baya litoke katika kinywa cha mwingine. Mtoto twamsamehe, maana ni mtoto. Lakini huyu ni mtu mzima, tena watoto ndio waliokaa mbele yake wakingoja.

Kelele zinapoanza, Bwana Scott anatoa alichowaletea: betri za komputa za kubeba mkononi, moja kwa kila mwanafunzi. Komputa hakuna. Ni betri tu.

MAKUNDI MATATU

Basi watazamaji waligawanyika makundi matatu, kama vijana wetu.

Kundi la kwanza ni wanaocheka. Hao wasema kwamba mchezo wa The Office huwa na nguvu yake yote pale unapothubutu kumwonyesha Bwana Scott bila kumfunika, na kwamba hapa umethubutu kuliko popote. Hatuwashutumu. Kumcheka mwongo aliyekamatwa ni jambo la zamani sana. Hekaya za wazee wetu zimejaa vicheko hivyo. Lakini katika hekaya, anayedanganywa na Sungura ni Simba, au Fisi, mkubwa mwenye meno. Sungura akimdanganya Simba twafurahi kwa kuwa mdogo amemshinda mkubwa. Hapa mkubwa amewadanganya wadogo. Mwenye kucheka na aangalie basi kwamba kicheko chake kinamwangukia Bwana Scott, kisiwaangukie wale wanaoimba.

Kundi la pili ndilo mashuhuri zaidi. Ni wale wasioweza kutazama. Wako watu wanaoujua mchezo huu kwa moyo, waliozitazama sehemu zake zote mara nne au tano, lakini wakifika kwa watoto wa Bwana Scott huiruka, kama mtu anavyozunguka shimo la njia analolijua. Wengine wamejikusanya hata kwa jina hilo hilo, la watu wasioweza kuitazama. Mwaka 2020, watu walipofungiwa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona, The Office ndio uliotazamwa kuliko michezo yote inayoonyeshwa kwa njia ya intaneti huko Marekani, dakika zaidi ya bilioni 57 kwa mwaka mmoja. Mchezo ambao watu wanaurudia kiasi hicho una sehemu moja ambayo wapenzi wake wanaikimbia! Ni ajabu, nayo yafaa kuelezwa.

Kundi la tatu ni watetezi. Hao wanashika maneno ya Erin. Wakati wa kurudi, ndani ya gari, Erin anamfariji mkubwa wake. Asema ameambiwa shuleni kwamba katika watoto wa Bwana Scott, 90 kwa mia wako katika njia ya kumaliza sekondari, na kwamba hesabu hiyo inaipita ya wengine wa shule ile kwa 35. Bila ahadi yake, wengi wangaliacha masomo. Basi, wasema watetezi, uongo umezaa matunda. Tumlaumu kwa nini?

HAYA YA NANI?

Tuanze na kundi la pili. Tulipozungumza na kijana wetu aliyetoka nje, tulimwuliza, "Ulikuwa unamwonea haya nani?" Alijibu upesi, "Yule bwana. Nilikuwa naona kana kwamba ni mimi niliyesimama pale." Tukamwuliza tena, "Na wale wanafunzi?" Akafikiri kidogo, akasema kwamba hakuwafikiria sana.

Sisi twaona kwamba jibu lake ni jibu la wengi. Wapenzi wa mchezo wanapoeleza kwa nini wanafumba macho, husema juu ya haya: mwili unasisimka, uso unawaka, mtu anatamani ardhi ipasuke. Hayo ni maumivu ya Bwana Scott. Ni maumivu ya anayedaiwa anapokutana na anayemdai. Maumivu ya anayedai ni mengine kabisa. Hayachomi usoni, ni mazito, na hayaishi katika nusu saa. Ni kijana aliyeamka alfajiri kwa miaka kumi kwa ajili ya mlango fulani, kisha akaambiwa kwamba nyuma ya mlango ule hapana nyumba.

Je, kosa ni la watazamaji? Si lao peke yao. Mchezo wenyewe umewapeleka huko. Tazameni kamera inamfuata nani. Inaingia shuleni pamoja na Bwana Scott, inatoka pamoja naye, inapanda gari pamoja naye. Yeye anayo nafasi ya kuketi peke yake na kueleza habari za thelathini na arobaini. Vijana hawana nafasi hiyo. Baada ya kelele za darasani, kijana mmoja tu anatoka nje kumfuata mpaka garini kumwuliza. Ni dakika nzuri kuliko zote, kwa kuwa hatimaye mmoja wao anasimama mbele ya Bwana Scott kama mtu kwa mtu, wala si kama mwimbaji katika kundi. Bwana Scott anaahidi kumlipia vitabu. Kisha gari linaondoka, na sisi tuko ndani yake. Vijana wamebaki nyuma, na katika sehemu hiyo hatusikii tena habari zao.

Pamoja na hayo, habari ya shule inakatwakatwa na habari ya biro, ambako Dwight anamtega Jim kwa hila ya zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi. Jim ndiye aliyetakiwa kuusimamia mpango huo, na kwa hila ya Dwight zawadi inamwangukia Jim mwenyewe, kisha mkewe Pam, mpaka inaletwa keki yenye picha ya uso wake. Wafanyakazi wanakasirika kweli kweli, wanasema, wanalalamika, na hasira yao inafika mpaka kwa wakubwa wa kampuni. Ni mapumziko kwa mtazamaji aliyechoka na haya. Lakini angalieni mizani: makarani waliokosa zawadi ya mwezi mmoja wamepewa muda wa kulalamika kwa urefu, vijana waliokosa chuo kikuu wamepewa kelele za muda mfupi. Hapo twaona udhaifu wa sehemu hii.

Hata hivyo hatusemi kwamba waandishi hawakuona. Wimbo ule hauna kosa, umeimbwa vizuri, kwa furaha ya kweli. Mwandishi mvivu angaliwafanya wanafunzi kuwa wajinga, ili tucheke kwa raha. Hawa hawakufanya hivyo. Waliwapa akili, adabu na shukrani. Ndiyo sababu kicheko kinakwama kooni. Wale wanaofumba macho wameguswa na jambo hilo, ila wakalipa jina la haya.

HESABU YA ERIN

Sasa tuje kwa watetezi. Hesabu za Erin ni za mchezo, lakini swali lake ni la kweli, maana yuko mtu aliyefanya kweli jambo ambalo Bwana Scott alilifanya kwa maneno.

Mwezi wa Juni 1981, tajiri mmoja wa New York, Eugene Lang, alialikwa kusema na wanafunzi waliomaliza darasa la sita katika shule ya P.S. 121, upande wa mashariki wa Harlem. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma shule hiyo utotoni. Alikuwa ametayarisha hotuba ya kuwatia moyo. Lakini mkuu wa shule alimwambia kwamba labda robo tatu ya watoto hao hawatamaliza sekondari. Lang akaona hotuba yake haina kazi. Akawaambia watoto wale 61 kwamba kila atakayemaliza sekondari, yeye atamsaidia kulipa chuo kikuu.

Mpaka hapo Lang na Bwana Scott wanafanana. Wanatofautiana kesho yake. Lang alikuwa na fedha; hilo ni jambo la kwanza. La pili ni kwamba alitambua upesi kuwa fedha zinazongoja mwisho wa njia hazimsaidii mtoto anayeanguka katikati. Akamwajiri mtu wa kuwafuata watoto siku kwa siku, kujua nani anaumwa, nani hana mahali pa kulala, nani ameacha kuja shuleni. Yeye mwenyewe aliendelea kuonana nao. Wengi wao walimaliza sekondari, na zaidi ya nusu wakaendelea na masomo ya juu. Mwaka 1986 akaanzisha shirika la kueneza kazi hiyo mahali pengine. Aliishi mpaka mwaka 2017, akafa akiwa na miaka 98.

Mwingine ni Robert F. Smith. Mwezi wa Mei 2019 alisimama mbele ya vijana karibu 400 waliomaliza Morehouse College, huko Atlanta, chuo cha vijana weusi, akawaambia kwamba yeye na jamaa yake watalipa madeni yao ya masomo. Mwaka haukuisha ila dola milioni 34 zilikuwa zimekwisha tolewa.

Tukiyaweka haya pamoja, twaona kosa la hesabu ya Erin. Yeye ahesabu waliofika mlangoni. Hahesabu walioukuta umefungwa. Ni kweli kwamba matumaini yaliwasukuma vijana wasome. Lakini matumaini hayo yalikuwa mali yao, na kazi ilikuwa yao. Bwana Scott hakuwapa kitu. Alikopa. Alichukua shukrani zao miaka kumi mapema, akaitumia, akaishi nayo kama mtu mwema. Wazee walisema ahadi ni deni, na mtu hasifiwi kwa sababu wadai wake walifanya kazi kwa bidii wakati wa kungoja.

Hapa tuna neno letu pia. Tulikuwa darasa la sita, miaka mingi nyuma, bwana mmoja alipofika shuleni kwetu. Jina lake na mahali pake hatutavitaja. Alisema kwamba wanafunzi watano wa kwanza katika mtihani, yeye atawalipia sekondari yote. Walimu walipiga makofi, nasi tukaimba. Mwaka ule tulisoma usiku kwa taa ya mafuta mpaka macho yakawasha. Tulishika nafasi ya tatu. Bwana yule hakuonekana tena. Sisi tulikuwa na mjomba aliyelipa nusu, na padri mmoja aliyelipa nusu, tukaendelea. Mwenzetu aliyekuwa wa kwanza, mwenye akili kutupita sote, hakuwa na mjomba. Leo tukikutana naye sokoni twasalimiana vizuri, twaulizana habari za watoto; za shule hatuzigusi.

Mtu akituambia kwamba ahadi ile ndiyo iliyotufanya tusome, twamjibu: ndiyo, ni kweli. Lakini swali hilo aulizwe mwenzetu, siyo sisi.

HUKUMU YETU

Vijana wetu watatu walitaka hukumu, basi tuliwapa.

Kwa yule aliyecheka tulisema: cheka, mchezo ni wa kuchekesha, na Steve Carell ni fundi. Lakini itazame tena, na safari hii uangalie nyuso za walioketi, usimwangalie aliyesimama. Ukiweza kucheka mahali pale pale, rudi utuambie.

Kwa yule aliyetoka nje tulisema: ulichokihisi si udhaifu. Moyo usiosumbuka mbele ya jambo lile una ugonjwa. Lakini ulitoka mapema mno. Ulimkimbia Bwana Scott, ukawaacha vijana peke yao, nao hawakuwa na ruhusa ya kutoka. Kaa mpaka yule mmoja afike garini. Ni haki yake angalau atazamwe.

Kwa yule mtetezi tulisema: huruma yako ni njema, kwa kuwa Bwana Scott naye ni mtu, tena alikwenda mwenyewe, wakati wengi wangalituma barua, au wangalihama mji. Hilo tumhesabie. Lakini usimlipie deni kwa matunda ya shamba la wengine.

Kijana wa tatu hakukubali. Alisema kwamba bado afadhali ahadi ya uongo kuliko mtu asiyeahidi kitu, maana wasioahidi hawasukumi mtu. Tulibishana naye mpaka usiku ukaingia, wala hatukumshinda kabisa. Ni neno lenye nguvu mahali ambapo watoto wengi hawaahidiwi na mtu yeyote. Nasi twaliacha hapa ili wasomaji walipime wenyewe.

Neno moja tu twaongeza. Mchezo wa televizioni waisha kwa nusu saa. Lakini wako watoto wanaotusubiri na sisi, kwa neno tulilolisema siku ya sikukuu, mbele ya watu, tukitaka kupigiwa makofi: daftari, viatu, malipo ya mwezi mmoja, au kuja tu kuwatazama. Neno hilo sisi tumelisahau, wao hawajalisahau. Kama twaweza kulitimiza, tulitimize juma hili. Kama hatuwezi, twende tukawaambie wenyewe, mapema, kwa maneno ya wazi, wakati wangali na nafasi ya kutafuta mlango mwingine. Bwana Scott alichelewa miaka kumi. Sisi tusichelewe.